FEDHA ZA UMMA SI SIRI YA OFISI

Ndugu wafanyakazi wa Arua na Koboko,

Serikali ina siri zake za haki. Hakuna anayetaka mpango wa kulinda mpaka ubandikwe sokoni. Lakini fedha za kujenga zahanati, na mkataba wa aliyepewa kazi hiyo, si mambo ya ulinzi. Afisa anayezificha halindi nchi, anajilinda mwenyewe.

Sisi wa West Nile tunajua gharama ya siri. Mwaka 1974 Idi Amin, ambaye kwao ni Koboko, aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea. Tume ya Jaji Mohammed Saied ilisikiliza mashahidi 545 na kuandika habari za watu 308. Rais alikabidhiwa taarifa mwaka 1975, wananchi hawakutangaziwa. Mauaji yakaendelea mpaka utawala ule ulipoanguka mwaka 1979.

Nani alilipa? Si waliotoa amri peke yao. Pale ambapo haijulikani nani alifanya nini, kabila zima hushtakiwa. Mkulima na mchuuzi wa huku walibebeshwa lawama za mambo wasiyoyajua. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari wa serikali.

Siri ya fedha haimwagi damu namna hiyo, lakini nayo humwumiza asiye na kosa. Uchunguzi wa fedha za matumizi ya shule za msingi nchini, miaka ya 1991 hadi 1995, ulionyesha kwamba katika kila shilingi 100 zilizotolewa na serikali kuu, shule zilipata wastani wa shilingi 13. Mwalimu hakuwa na chaki, mzazi akamwona mwalimu ndiye mwizi. Wote wawili hawakujua kiasi kilichotumwa. Basi wangedai nini? Baadaye serikali ikaanza kutangaza kiasi hicho magazetini na kukibandika shuleni, na sehemu kubwa zaidi ikafika. Tangazo halikuwa dawa peke yake, lakini lilimpa mzazi hesabu ya kuulizia.

Leo sheria iko upande wetu. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 1995 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ilitungwa mwaka 2005, mwaka uleule Koboko ilipokuwa wilaya. Andika barua, ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Hulazimiki kueleza sababu. Ukikataliwa, nenda kwa Hakimu Mkuu.

Najua baadhi yenu ni makarani, na ndio mnaotunza mafaili hayo. Mnaogopa kufukuzwa. Sheria ya mwaka 2010 inamlinda mfanyakazi anayefichua uovu kwa njia iliyowekwa, kama vile kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali.

Kwa hiyo kila tawi lichague jambo moja: kisima, barabara au malimbikizo ya mishahara. Ulizeni mambo matatu: zimekuja shilingi ngapi, amelipwa nani, kwa kazi gani? Barua isainiwe na wengi, ili asitafutwe mmoja. Nakala igongwe muhuri wa tarehe, ibaki kwenye faili la tawi. Siku ya 22 mkutane tena, jibu liwe limekuja au halikuja.