Acheni Kuuliza Kama Anajua Kuchora

Mhandisi au mbunifu majengo akialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari jijini Mwanza, swali la kwanza huwa lilelile, awe anayeuliza ni mwalimu, mzazi au mwanafunzi mwenyewe: "Huyu anajua sana kuchora, asomee ubunifu majengo?" La pili hufuata papo hapo: "Na huyu asiyeweza kuchora, fani imempita?" Yote mawili ni maswali yasiyo na kichwa wala miguu, na majibu yake ya kubahatisha yanawapoteza vijana.

Imani hiyo, kwamba kujua kuchora ndio ubunifu majengo, imezaa biashara. Kijana amemaliza kidato cha nne, mzazi anauziwa kozi ya wiki chache ya kuchora ramani kwa kompyuta, na cheti kinatoka. Muda si mrefu kijana anauza ramani za nyumba kwa WhatsApp na majirani wanamwita mbunifu. Programu ya kuchora ni kifaa cha kazi na ofisi za ubunifu huitumia kila siku. Lakini programu haijawahi kukanyaga kiwanja.

Chukua kiwanja cha mlimani, cha aina iliyojaa Mabatini, Igogo au Isamilo, chenye jabali upande wa juu. Ardhi ikishuka mita 1 kwa kila mita 5, nyumba ya mita 12 kuelekea bondeni itakuwa na tofauti ya mita 2.4 kati ya nyuma na mbele. Ramani iliyonunuliwa kwa simu ilichorwa kwa kiwanja tambarare. Fundi anaifuata ilivyo: anapandisha msingi wa mbele mpaka ulingane na wa nyuma, anajaza kifusi, anamwaga jamvi.

Hapo ule msingi umegeuka kuwa ukuta wa kuzuia udongo, na hakuna aliyeupigia hesabu. Msukumo wa udongo hukua kwa mraba wa kimo. Ukuta wa mita 2.4 husukumwa kwa nguvu mara 16 ya ile inayousukuma ukuta wa mita 0.6 kwa udongo uleule. Mvua za masika zikilowesha kifusi na maji yakakosa pa kutokea, mzigo unazidi. Isitoshe, nyuma nyumba imekaa juu ya jabali lisiloshuka, mbele imekaa juu ya kifusi kinachoendelea kushuka. Ufa utapita katikati ya sebule, na ramani yenyewe huenda ilikuwa ya kupendeza mno.

Aliyefundishwa angefanya nini? Angepima mteremko kabla ya kushika kalamu. Angeilaza nyumba kufuata kontua, au angeigawa sakafu ngazi mbili. Angekumbuka pia kwamba Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta: kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa na jua la asubuhi na la alasiri, kwa hiyo madirisha makubwa yangetazama kaskazini na kusini. Mchoro huja mwisho, kuandika maamuzi yaliyokwisha kufanywa.

Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975, ni mfano ambao kila mwanafunzi angepaswa kuujua. Beda Amuli, miongoni mwa wabunifu majengo Waafrika wa kwanza nchini, alilipatia paa la maumbo kama miavuli iliyopinduliwa. Maumbo hayo yanatia kivuli, yanaruhusu hewa ya moto kupanda na kutoka, na yanakusanya maji ya mvua. Uzuri wake umetokana na kujibu maswali ya jua, hewa na maji.

Na kosa katika fani hii huua. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Baada ya msiba kama huo, mtu anawezaje bado kudhani kwamba kazi hii ni mkono mwepesi wa kuchora?

Tena ubunifu majengo ni mlango mmoja tu. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza na lililofunguliwa Juni 19, 2025, ni matunda ya kazi kama za wapima ardhi, wahandisi, mafundi sanifu, wafunga nondo na wachomeleaji. Kwenye maabara ya zege, mtu huvunja kwa mashine michemraba ya milimita 150, kwa kawaida siku ya 7 na ya 28, ili ijulikane kama zege limefikia nguvu iliyotakiwa. Kazi hiyo haihitaji mchoraji. Inahitaji mtu asiyedanganya kwenye kipimo.

Njia zenyewe ni hizi. Hisabati na Fizikia zisiachwe. Kidato cha tano, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) au PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) hufungua milango mingi ya Chuo Kikuu cha Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) usomwe kila mwaka. Anayetaka kuanza mapema asake shule ya ufundi kama Bwiru Wavulana au Musoma. Baada ya kidato cha nne kuna stashahada ya uhandisi ujenzi katika vyuo vya ufundi, na mwenye ufaulu mzuri anaweza kuendelea na shahada. Kwa mafunzo ya ufundi stadi, VETA iko Nyakato. Kisha kuna usajili kwenye bodi: ERB kwa wahandisi, AQRB kwa wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, CRB kwa makandarasi.

Wataalamu nao waache hotuba za motisha. Likizo ya Juni wachukue wanafunzi wachache, wasichana wakiwemo, wawapeleke kwenye kiwanja cha mlimani na mpira mwangavu wenye maji, futi kamba na vigingi viwili. Wapime ardhi inashuka kiasi gani kwa kila mita 5, kisha wapige hesabu ya kimo cha msingi upande wa bondeni. Atakayeuliza maji ya mvua yatatokea wapi, huyo aitwe tena Desemba.