Je, Wajua? Breki Inaweza Kuvuja Bila Tone Kuanguka Chini

Kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida, injini ikiwa inawaka, kisha shikilia. Pedali ikizidi kuzama polepole na mafuta ya breki hayapungui kwenye kopo lake, shuku masta silinda. Mipira yake ya ndani ikilika, mafuta hupenya pembeni mwa pistoni na kurudi yalikotoka, kwa hiyo hakuna kinachodondoka chini ya gari. Wenye magari wengi hubadilishiwa brekipedi bure kwa kosa hili.

Pedali inayobonyea kama sponji kwa kawaida huashiria upepo ndani ya mirija ya breki; utolewe. Ikiwa ngumu, zima injini, kanyaga mara nne tano, acha mguu hapo, kisha washa. Isiposhuka kidogo, angalia busta na mpira wake wa hewa.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu. Kwa viwango vya DOT 3, yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishaingiwa na maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwenye mteremko mrefu, tofauti hiyo si ya kudharau.

Na klachi? Kwenye baadhi ya magari hutumia kopo moja na breki, ila mrija wa klachi hutoka juu zaidi ili ikivuja, breki zibakiwe na akiba. Basi pedali ya klachi ikilala sakafuni bila kurudi, funua kwanza kopo la breki kabla hujakubali gia boksi ishushwe.