Nyumba ya Bibi na Plasta ya Saruji

Sisi wa Mackinnon Road tunajulikana kwa mambo mawili: reli, na msikiti wa Sayyid Baghali kando ya barabara kuu, ambapo wasafiri husimama kuomba dua kabla ya kuendelea. Nyumba za mawe za kale hatuna. Hapa kwetu ni fito, udongo na mabati, na siku hizi matofali ya saruji. Basi usishangae kuwa habari hii niliipatia Msambweni, katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama.

Nyumba hiyo ni ya mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa mbele ulipoanza kumenyeka, mjomba aliita fundi, na fundi akaleta saruji. Lo, ukang'aa kama sahani mpya! Hata picha tulipiga. Masika ya pili hayajesha, plasta ikavimba na kuanguka mapande mapande, na kila pande likabandua ngozi ya jiwe.

Kwa nini? Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Hunywa maji kutoka ardhini, na huko karibu na bahari maji yenyewe yana chumvi. Plasta ya chokaa nayo ina vitundu, kwa hivyo jua likiwaka unyevu hupenya ukatoka nje. Saruji hubana. Maji yakikosa njia hubaki ukutani, na chumvi hugeuka chembe zinazokua nyuma ya plasta na kuisukuma. Hapo kinachovunjika ni kilicho dhaifu, nacho ni jiwe la watu!

Wazee hawakuwa na maabara lakini walilijua hilo. Walipanga magogo, wakaweka mawe ya matumbawe juu yake, wakachoma. Mawe yakishaiva yalimwagiwa maji, yakachemka yenyewe na kusagika kuwa unga (usisogee karibu, chokaa hiyo inaunguza kwelikweli). Ukutani chokaa hukauka polepole. Huvuta ile hewa tunayoitoa tunapopumua, ikarudi kuwa jiwe. Waliosoma kemia watanielewa.

Dari nayo ina siri yake. Ukienda Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, utaona vyumba virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti za mikoko. Boriti haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa ikiwa ndefu mno, kwa hivyo upana wa chumba hauzidi mita tatu hivi. Ili chumba kisifanane na ujia, mafundi walichonga zidaka ukutani, safu juu ya safu, wakapanga humo bakuli za Kichina na vitabu. Bibi anavyo vidaka vinne tu. Kimoja kina msahafu, kingine redio, cha tatu chupa za dawa, na cha nne picha ya babu akiwa na baiskeli. Mjomba alitaka kuviziba ati aweke kabati la dukani. Bibi alimwangalia tu, na maneno yakaisha!

Usidhani mambo haya ni ya urembo peke yake. Zanzibar kulikuwa na jumba kubwa, Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, upande wa mbele pamoja na mnara uliporomoka na watu wawili wakafa. Ikiwa jumba la Sultani laweza kuanguka, je, nyumba ya bibi inayolalwa na wajukuu saba?

Likizo iliyopita tuliibandua saruji yote iliyosalia, polepole, kwa patasi ndogo. Ukuta umeachwa wazi ukauke kwanza, maana ukipakwa ukiwa na maji utarudi palepale. Boriti mbili zilizooza vichwa, mahali zinapoingia ukutani, zimetegemezwa kwa nguzo mpaka zipatikane nyingine. Chokaa imo shimoni uani imefunikwa kwa magunia yenye maji, kwani inavyokaa ndivyo inavyolainika. Mjomba bado analalamika kwamba kazi inakawia, lakini juzi kaleta ndoo mbili za mchanga wa mtoni uliochekechwa, tena bila kuombwa.