Barua ya kwenda inje: posta inaanza kusoma mustari wa mwisho

Tangu wengi wetu waanze kuomba nafasi ya masomo ku Ulaya, bahasha zinapita mu mikono yangu: «Angalia kwanza kama adresi iko sawa.» Ndani kuko karatasi za pointi zenye mihuri, kazi ya wiki nzima ya kuzunguka ma biro. Inje, adresi imeandikwa kama ya kumutuma mutoto kwa shangazi yake.

Posta ya kwetu haina kazi na jina la barabara ya Bruxelles. Yenyewe inatafuta kitu kimoja tu: inchi gani? Njo maana jina la inchi linakaa peke yake, mustari wa mwisho, kwa herufi kubwa, kwa luga ambayo posta inayotuma inaelewa. Kwetu ni Kifaransa: unaandika ALLEMAGNE, hapana DEUTSCHLAND. Mistari ya juu, kinyume: unaiacha vile inchi inayopokea inaandika, bila kutafsiri, kwa sababu atakayeisoma ni faktea wa kule. Huo ndio utaratibu wa Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874.

Kwa Ubelgiji:

Rue de la Loi 16
1000 Bruxelles
BELGIQUE

Barabara kwanza, kisha namba ya nyumba. Namba ya posta, tarakimu 4, mbele ya muji. Ufaransa, namba ya nyumba inatangulia barabara, na ya posta iko na tarakimu 5. Uingereza wanaiweka chini ya jina la muji, pamoja na herufi, kama SW1A 2AA. Marekani inafuata muji na herufi mbili za jimbo. Na kule CA ni California, hapana Canada. Ukisahau mustari wa inchi, ujue unacheza bahati nasibu.

Sasa adresi yako wewe mutumaji, pembe ya juu kushoto ao nyuma ya bahasha. Hapa njo wengi wanazembea, lakini barua ikikosa mutu inarudia hapo, na jibu la chuo pia linaweza kufuata hapo. «CONGO» peke yake haitoshi, ziko mbili! Andika RÉPUBLIQUE DÉMOCRATIQUE DU CONGO, yote. Wa Bukavu wanaotumia sanduku la posta la Cyangugu, mustari wenu wa mwisho ni RWANDA, hata kama munalala Ibanda. Ukiandika Cyangugu juu na Congo chini, umezitupia posta mbili ugomvi.

Kwa kampuni za kubeba barua haraka, B.P. haisaidie. Wapatie namba ya nyumba, avenue, kartie, komine na muji, kisha simu inayoanza na +243 na isiyozimwa, kwa sababu mwenye kuleta atapiga kwanza.