Pima Taka Kabla ya Kununua Ndoo

Taka za nyumba ya Lupepo, huku Rungwe kwenye migomba na chai, hazifanani na za Kariakoo. Kwa hiyo kabla hujashawishika kununua ndoo tatu za rangi tatu, azima mizani ya kuning'iniza, ifunge kwenye boriti ya jikoni, na utafute viroba vinne vilivyokwisha kazi. Kimoja cha maganda na mabaki ya chakula, kimoja cha majivu yaliyopoa, kimoja cha chupa, makopo na plastiki. Cha nne ni cha vitu visivyo na pa kwenda: pampers, betri za tochi, vigae vya glasi. Pima kila jioni kwa wiki nzima, siku ya gulio ikiwemo.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa mtu mmoja katika Afrika kusini mwa Sahara hutoa kilo 0.46 za taka kwa siku. Familia ya watu sita ingefikisha karibu tani moja kwa mwaka. Lakini wastani huo umechanganya mijini na vijijini, na mizani yako itakuambia mengine. Kiroba cha maganda ya ndizi mbichi, yakiwa bado yanachuruzika utomvu, kitauvuta mshale chini. Cha plastiki kinaweza kujaa pomoni na mshale usitikisike.

Hapo ndipo hesabu ya pesa inapoanza, na inakata maneno mengi. Tuseme maganda na mabaki yako ni kilo 400 kwa mwaka. Maji yakitoka, hubaki kama kilo 80 za kitu kikavu, na naitrojeni iliyomo haifiki kilo mbili. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kwa bei ya ruzuku ya msimu wa 2022/23, shilingi 70,000, kilo moja ya naitrojeni iligharimu kama shilingi 3,000. Kwa hiyo lundo la mboji la mwaka mzima lina naitrojeni ya shilingi 6,000 hivi, nayo ni kabla mvua haijaipitia. Anayekuahidi kwamba mboji ya jikoni itakuondolea gharama ya mbolea hajashika kalamu. Mboji ina faida nyingine: hulainisha udongo, na ganda la ndizi lina potasiamu, chakula ambacho mgomba hukitaka sana. Ila Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Lundo lisiloezekwa, hata kwa majani ya mgomba, hulisha mtaro.

Mwenye ng'ombe wa maziwa asihangaike na lundo. Maganda yaende horini, yakichanganywa na majani mengine, kisha samadi ndiyo irudi kwenye mgomba. Ganda moja limelipa mara mbili. Mwenye nguruwe achemshe makombo kwanza, hasa yaliyogusana na nyama, maana homa ya nguruwe ya Afrika imeshawahi kumaliza mabanda mkoani Mbeya.

Kuchoma taka kunaonekana ni bure. Masika moto haushiki, moshi wa plastiki ni sumu, na majivu ya kuni yaliyokuwa mali ya shamba yanaharibika yakichanganyika na ya plastiki.

Kuuza chupa na vyuma chakavu? Mnunuzi hulipa kwa kilo, na chupa haina uzito. Ukipeleka Tukuyu kiroba kimoja, nauli itakimeza. Nyumba kadhaa zikusanye pamoja mpaka mnunuzi aone inafaa kuja mwenyewe. Katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 lilipunguza kiasi, lakini vifungashio vya bidhaa za viwandani bado vipo.

Kiroba cha nne ni kidogo ila ndicho cha gharama. Betri na glasi zitengewe debe lenye mfuniko, mbali na kisima na watoto. Kwenye pampers, nepi za kitambaa hununuliwa mara moja, ila kwa ukungu wa hapa hazikauki siku hiyohiyo, hivyo zidisha idadi na uhesabu sabuni. Kwangu mimi, kitambaa mchana, pampers usiku na safarini.