Umati Mkutanoni, Sauti ya Radio na Kura Sandukuni

Mazungumzo ya radio kwa ajili ya amani, kwa familia zilizohama na viongozi wa vijiji na mitaa

Tunawasalimu ninyi mlio Uvira mjini, Kiliba, Sange na Luvungi, na ninyi mlio kando ya ziwa kuelekea Makobola, Baraka na Fizi. Kwa namna ya pekee tunazisalimu familia zilizohama makwao pamoja na wenyeji waliozipokea, na machefu wa vijiji na mitaa ambao kila siku wanaulizwa maswali magumu.

Leo tunazungumza juu ya swali moja. Mgombea urais asiye na serikali mkononi wala fedha nyingi anapendwa sana na watu wa chini. Lakini watu wa radio na magazeti wanasema hawezi kushinda. Tumsadiki nani? Na jambo hilo linahusu nini amani yetu?

Mfano wa jirani

Hatuhitaji kwenda mbali. Usiku, ukisimama ufukweni hapa Uvira, unaona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1993 nchi hiyo ya Burundi ilipiga kura ya kumchagua Rais katika vyama vingi. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa Meja Pierre Buyoya, aliyechukua serikali kwa nguvu mwaka 1987. Chama chake, Uprona, kilikuwa chama kimoja cha taifa tangu mwaka 1966. Lazima tuseme kwa haki kwamba Buyoya mwenyewe ndiye aliyefungua mlango wa mabadiliko: mwaka 1991 wananchi walipigia kura Mkataba wa Umoja, na mwaka 1992 wakapigia kura katiba ya vyama vingi.

Aliyeshindana naye alikuwa Melchior Ndadaye, mtu wa miaka 40, mfanyakazi wa benki. Alipata kuwa mkimbizi Rwanda baada ya mauaji ya mwaka 1972, akarudi kwao mwaka 1983. Chama chake, Frodebu, kilikubaliwa na sheria mwaka 1992 tu.

Waandishi na wajumbe wengi wa nchi za nje walitazamia kwamba Buyoya angeshinda. Walikuwa na sababu zao. Jina lake lilijulikana kila mahali. Chama chake kilikuwa na ofisi, magari na watumishi wa serikali katika kila tarafa. Wafadhili walimsifu kwa mabadiliko aliyoyaleta. Na mara nyingi mwandishi anayekaa mjini huwauliza watu wa mjini, wanaosema lugha anayoisikia, kisha hudhani amesikia nchi nzima.

Lakini vilimani mambo yalikuwa mengine. Frodebu kilikuwa kimefanya kazi kwa siri miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa. Watu wake walijulikana kwa majirani zao. Tena mtu wa chini, aliyezoea kunyamaza, hasemi siri ya moyo wake mbele ya mgeni mwenye kalamu. Anaiweka sandukuni.

Tarehe 1 Juni 1993 waliojiandikisha walikwenda kupiga kura karibu wote, asilimia 97. Ndadaye alipata karibu asilimia 65, Buyoya karibu asilimia 32. Mwisho wa mwezi huo Frodebu kilipata viti 65 kati ya viti 81 vya Bunge.

Kushangaa kwa wale wasiojiandaa

Kama hadithi ingeishia hapo, tungesema: watu wadogo walijua, wakubwa hawakujua. Lakini wengi wenu mnajua yaliyofuata, kwa maana yalivuka Ruzizi yakafika kwetu.

Buyoya alikubali kushindwa. Hilo ni jambo la heshima, na wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini wengi waliokuwa nyuma yake hawakuwa wametayarishwa. Siku zote walikuwa wameambiwa kwamba wao ndio washindi. Siku chache baada ya matokeo, vijana, hasa wanafunzi, waliandamana Bujumbura wakisema kura zimepigwa kwa kabila. Mwanzoni mwa Julai askari kadhaa walijaribu kuzuia Ndadaye asiapishwe, wakashindwa.

Ndadaye aliapishwa tarehe 10 Julai. Akamchagua mama Sylvie Kinigi, mtu wa Uprona na Mtutsi, kuwa Waziri Mkuu, ili walioshindwa wasijione wametupwa. Lakini katika tarafa nyingi kazi zilibadilishwa upesi, watu wa chama cha zamani wakatoka na wa chama kipya wakaingia. Aliyepoteza kura akaona amepoteza na mkate.

Tarehe 21 Oktoba 1993 askari walimwua Rais Ndadaye pamoja na Spika wa Bunge na makamu wake. Radio ya taifa ikanyamaza. Mahali pa habari pakaingia uvumi. Vilimani Watutsi wengi waliuawa, na Wahutu waliokuwa wa Uprona pia. Kisha jeshi likaua Wahutu wengi. Makumi ya maelfu ya watu walikufa. Mamia ya maelfu walikimbia, na baadhi yao waliingia hapa kwetu, katika bonde la Ruzizi.

Hapo ndipo tunaona jambo kubwa la leo. Anayesema "huyu hawezi kushinda" anawanyima wafuasi wa mkubwa nafasi ya kujiandaa kushindwa. Anayesema "huyu hawezi kushindwa, tazameni umati" anawanyima wafuasi wa mdogo nafasi hiyo hiyo. Siku ya matokeo, kundi moja lazima lishangae. Na mtu aliyeshangaa husadiki upesi kwamba ameibiwa, hata kama hakuibiwa.

Na kwetu Kongo?

Mwaka 2018 tuliona sura nyingine. Martin Fayulu alichaguliwa na wapinzani kadhaa waliokutana Geneva tarehe 11 Novemba. Kesho yake wawili kati yao, Félix Tshisekedi na Vital Kamerhe, waliondoa sahihi zao. Wengi walisema Fayulu hajulikani nje ya Kinshasa. Lakini kampanye ilipoanza, umati mkubwa ulimpokea, kwanza Beni.

Kura ilipigwa tarehe 30 Desemba, isipokuwa Beni, Butembo na Yumbi, ambako ilicheleweshwa hadi baada ya Rais kutangazwa. Tume ya uchaguzi ilimpa Tshisekedi asilimia 38 na zaidi, Fayulu karibu asilimia 35. Maaskofu Wakatoliki, waliokuwa na watazamaji 40,000, walisema matokeo hayo hayalingani na yale waliyoyakusanya. Mahakama ya Katiba ikathibitisha ushindi wa Tshisekedi Januari 2019.

Tazameni tofauti. Burundi wengi walikosea kabla ya kura, lakini hesabu ilikubaliwa hata na Rais aliyeshindwa. Kongo ugomvi ulikuwa juu ya hesabu yenyewe. Umati, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kumaliza ugomvi wa namna hiyo. Kinachoweza kuumaliza ni karatasi ya matokeo inayobandikwa kwenye kila chumba cha kura, ikasomwa na kila mtu, na mashahidi wa vyama vyote wakiwa na nakala.

Tufanye nini?

Kwanza, tusihesabu kura kwa macho. Katika mkutano wako waliokuja kwa mapenzi, waliokuja kwa fulana na chumvi, na watoto wasiojiandikisha. Walio kimya nyumbani hawaonekani, na nao wanapiga kura.

Pili, radio ikisema fulani atashinda, tuulize: waliuliza nani? Walifika Lemera, walifika kambini, au waliishia hotelini? Kuuliza hivyo si kumchukia mwandishi.

Tatu, tusiruhusu mtu ahesabu makabila badala ya kura. Familia iliyohama isilazimishwe kumpenda mgombea wa wenyeji ili ipewe shamba au nafasi kwenye bomba la maji.

Nne, ninyi machefu, waiteni wafuasi wa pande zote kabla ya siku ya kura. Waulizeni mbele ya wote: mgombea wenu akishindwa, kesho yake mtafanya nini? Jibu litolewe mapema, wakati damu haijachemka.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika uchaguzi uliopita, ni nani alituambia matokeo mapema? Alijuaje?
2. Kwetu, habari ikikosekana, ni nani anayekwenda kuitafuta kabla uvumi haujaenea?
3. Aliyeshinda hapa kijijini anaweza kumfanyia nini jirani aliyeshindwa, juma lile lile?

Someni karatasi hii pamoja na wale wasiojua kusoma. Kaeni na amani.