Fahamu: Gari la kwenye gemu linavyonguruma kama la kweli
Ukiwa Sharpstown, Houston, unaweza kukimbiza gari Naivasha, Kenya, bila kutoka sebuleni. Gemu ya mbio za magari ya WRC 9, ya mwaka 2020, ilikuwa na Safari Rally ya Kenya hata kabla mbio zenyewe hazijarejea kwenye ubingwa wa dunia wa mbio za magari (WRC), Juni 2021.

Vaa hedifoni usikilize. Mngurumo wa gari si rekodi moja inayojirudia. Mafundi hutega maikrofoni kwenye injini na karibu na ekzosi, kisha hurekodi mwendo wa polepole hadi wa kasi, mafuta yakikanyagwa na yakiachiwa. Kompyuta huunganisha vipande hivyo papo hapo, ikifuata mguu wako. Kwangu, sauti hapa inaizidi picha: tairi likianza kuteleza kwenye kokoto, sikio hujua kabla ya jicho.